Mashine Iko Nairobi, Jicho Linarudi Mutarule

Mpwa wangu anafundisha hesabu Mutarule, kwenye tambarare ya Ruzizi mashariki mwa Kongo, jirani na Luberizi na Sange. Mama yake mdogo, dada yangu wa mwisho, anaishi Marekani. Hivi karibuni alimpigia simu akamwambia achague kimoja: amtumie pesa za mabati ya nyumba, au amlipie laser ya macho Nairobi, pamoja na nauli na mahali pa kulala. Kabla jua halijazama habari ilikuwa imeshaenea kwa ukoo mzima, na hukumu ilikuwa moja: mabati. Wazee waliuliza ni nani mwenye akili timamu anayelipa zaidi ya dola elfu moja ili jicho lisilouma likaguswe na mashine, hali miwani anayo usoni. Vijana wenzake wakasema laser ni ya watu wa mjini wanaotaka kupendeza kwenye picha za arusi. Mwenyewe hakuwajibu. Alikuja kwangu, kwa kuwa nami navaa miwani tangu shule ya msingi, akaniuliza: “Mjomba, ungekuwa wewe ungefanyaje?”

Najua si yeye peke yake. Bonde letu lina watoto wake Marekani, Kanada, Australia na Ulaya. Wengi wao huko wamefanyiwa laser wenyewe, wakatupa miwani, na sasa wanataka ndugu zao waonje raha hiyo. Wanapiga simu kwa upendo. Anayepokea simu anabaki na uamuzi ambao hakuna mtu wa kumsaidia kuufikiri. Kwa hiyo jibu nililompa mpwa wangu nalileta hapa, kwa urefu wake.

Nianze na hiyo shutuma ya anasa, maana siikubali hata kidogo. Mpwa wangu ana namba 4.50 za kutoona mbali, macho yote mawili. Maana yake, akivua miwani, kila kilicho zaidi ya sentimita 22 kutoka usoni pake kinaanza kufifia. Ubao wa darasani haupo. Sura ya mwanafunzi wa dawati la mbele ni doa. Njiani hamtambui anayemjia mpaka wawe wamekaribiana kabisa, hawezi kusema kama ni jirani anayetoka shambani au ni mtu mwenye bunduki. Kwingine duniani hali hiyo ni usumbufu. Kwetu ni suala la kufa na kupona, na Mutarule inalijua hilo kuliko vijiji vingi.

Usiku wa tarehe 6 Juni 2014 watu wenye silaha waliingia Mutarule wakaua zaidi ya watu 30, wanawake na watoto wakiwemo, wengine wakiwa kwenye ibada. Walinda amani wa Umoja wa Mataifa walikuwa umbali wa kilomita chache. Februari 2025, Bukavu ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 na vita vikaelekea bondeni, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Burundi, wengi wakivuka mto Ruzizi kwa kuogelea au kwa vyombo vya kubahatisha. Desemba 2025 vita vikaingia Uvira yenyewe, na makumi ya maelfu wengine wakavuka. Anayekimbia usiku hukimbia na kilicho mwilini mwake. Miwani huanguka mtaroni, hukanyagwa, husahaulika kando ya kitanda. Ng'ambo ya mto kuna foleni ya unga, foleni ya maharagwe, foleni ya turubai. Foleni ya lenzi zilizopimwa sijawahi kuiona. Mtu wa namba 4.50 akipoteza miwani hapo amekuwa kama kipofu katikati ya umati asioujua, akiwa na watoto wa kuwashika mkono, na hali hiyo inaweza kudumu miezi.

Serikali zenye pesa zimeshalifikiria jambo hili kwa ajili ya watu wao. Jeshi la Marekani lilianzisha mwaka 2000 mpango wa kuwafanyia laser askari wake wanaopigana, bila malipo, kwa sababu miwani huvunjika vitani na lenzi za kubandika machoni haziendani na vumbi la mahandaki. NASA iliwaruhusu wanaanga wake kufanyiwa LASIK mwaka 2007. Hakuna aliyewaita askari hao watu wa anasa. Walionekana kuwa watu ambao maisha yao yanaweza kutegemea jicho lisilohitaji kitu cha kuvaliwa. Mwalimu wa Mutarule hakuchagua kuishi karibu na vita kama askari alivyochagua, lakini hatari ya kupoteza miwani ni ileile. Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu kwamba haja yake ni ya kweli na asione haya kuitamka mbele ya wazee.

Kisha nikamwambia jambo la pili, na hili ndilo lililonifanya nisimwambie “nenda” siku ileile. Mashine iko Nairobi, lakini jicho linarudi Mutarule. Matangazo yote ya laser huzungumzia mashine: ya kizazi gani, imetoka Ujerumani au Marekani, inamaliza kwa sekunde ngapi. Mgonjwa wa kwetu anapaswa kuuliza zaidi kuhusu yatakayofuata: wiki ile, mwezi ule, nusu mwaka ule, jicho litakuwa wapi na nani ataliangalia.

Ili hilo lieleweke, inafaa kujua mashine inafanya nini. Mbele ya jicho kuna konea, tabaka angavu ambalo unene wake katikati ni kama nusu milimita. Kwa asiyeona mbali, mwanga hupindwa kupita kiasi na kukutana kabla ya kufika nyuma ya jicho. Laser huipunguza konea kidogo katikati ili mwanga upindwe kwa kiasi kinachotakiwa. Mwanga unaotumika ni wa aina ya eksima, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 193, na uzuri wake ni kwamba huondoa nyama bila kuunguza ya pembeni. Waliogundua hilo ni wanasayansi watatu wa kampuni ya IBM huko Marekani, Rangaswamy Srinivasan, James Wynne na Samuel Blum, mwaka 1981. Srinivasan alijaribu mwanga huo kwenye mabaki ya bata mzinga wa sikukuu. Miaka miwili baadaye daktari Stephen Trokel alionyesha kwamba unafaa kwa konea, na mwaka 1988 Marguerite McDonald akautumia kwa jicho la mtu anayeona. Kwa mwenye namba 4.50 kinachoondolewa ni karibu unene wa unywele mmoja, na laser huwaka chini ya dakika moja kwa kila jicho.

Njia ziko kadhaa, na tofauti zake ni kubwa kwa mtu wa bondeni kuliko kwa mtu wa Nairobi. Katika PRK daktari huondoa ngozi nyembamba ya juu ya konea, laser hufanya kazi palepale, kisha ngozi huota upya yenyewe kwa siku 3 hadi 5. Siku hizo jicho huuma kwelikweli na hutoa machozi, na kuona huchukua wiki, wakati mwingine miezi, kabla ya kutulia. Katika LASIK daktari hukata tabaka jembamba la konea linalobaki limeshikilia upande mmoja, hulifunua, laser hufanya kazi chini yake, kisha hulirudisha. Maumivu ni machache na kesho yake mtu anaona. Ipo pia SMILE, ambayo hutoa kipande kidogo cha konea kupitia tundu dogo bila kufunua chochote.

Kliniki hupenda kuuza LASIK kwa sababu ya hiyo kesho yake. Lakini lile tabaka lililofunuliwa halirudii nguvu yake ya awali kabisa. Pigo la jicho, tawi, kidole cha mtoto, mpira wa miguu, linaweza kulisogeza hata baada ya miaka. Ndiyo maana majeshi kwa muda mrefu yamependelea PRK kwa askari walio kwenye hatari ya kupigwa usoni. Mtu anayepanda pikipiki nyuma ya lori la mchanga kila siku, anayebeba kuni, anayelima mpunga kwa mikono yake baada ya kufundisha, na ambaye huenda siku moja akakimbia usiku vichakani, yuko upande wa askari, wala si upande wa karani wa benki. Kama mpwa wangu atafanyiwa, ningependa iwe PRK, na maumivu yake ya siku chache ayavumilie.

Ahadi ya “utatupa miwani” nayo tuipime vizuri. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikishirikiana na jeshi lao la majini na taasisi yao ya macho, iliwafuatilia watu zaidi ya 500 waliofanyiwa LASIK, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Zaidi ya asilimia 95 waliridhika na namna wanavyoona. Lakini miongoni mwa wale ambao kabla ya hapo hawakuwa na dalili yoyote ya kuona vibaya, kama miduara au miale kuzunguka taa, zaidi ya 4 kati ya 10 walikuwa na angalau moja miezi mitatu baadaye; na kati ya wale ambao macho yao hayakuwa makavu, karibu 3 kati ya 10 walianza kusikia ukavu. Kwa wengi hali hizo zilikuwa nyepesi, na waliosema dalili hizo za kuona zinawatatiza sana maishani walikuwa chini ya asilimia moja. Ni tiba nzuri. Nasisitiza hilo kwa sababu sitaki mtu asome haya akadhani namtisha. Ila watu wale walifuatiliwa kwenye kliniki safi, wakapewa dawa ya machozi waliyoweza kuinunua tena kona ya mtaa.

Sasa chukua jicho hilohilo ulishushe bondeni.

Tambarare yetu ni ya joto na kavu. Tangu Juni hadi Septemba vumbi la barabara kuu haliishi hewani. Malori yanapita, vumbi linapanda, halijatua jingine limeshapanda. Mashine za kukoboa mpunga hutoa pumba zinazopeperuka sokoni. Jikoni ni moshi wa kuni. Jicho lililotoka kwenye PRK linatakiwa lisiguswe, lisiingiwe na vumbi, lisipigwe na jua kali bila miwani ya giza, kwa maana mionzi ya jua katika miezi ya kwanza inaweza kuchangia konea kupata ukungu ambao unaharibu kile ulicholipia. Na angalia jinsi kalenda yetu ilivyokaa: likizo kubwa ya shule, wakati pekee mwalimu anapoweza kuondoka bila kumwomba mkuu wa shule, ni Julai na Agosti, katikati kabisa ya vumbi na jua. Mwalimu anayepanga laser kwa kalenda ya shule amepanga kipindi kibaya zaidi cha mwaka kurudi nyumbani.

Kisha kuna dawa za matone. Ya kuzuia vijidudu hutumika siku chache za mwanzo. Ya steroidi, inayotuliza uvimbe na kuzuia ukungu, baada ya PRK hutumika wiki nyingi, ikipunguzwa polepole kwa ratiba, na kwa baadhi ya watu hupandisha presha ya jicho kimyakimya. Mgonjwa hasikii chochote. Hugunduliwa kwa kupimwa tu, na ndiyo maana daktari hukupa tarehe: kesho yake, baada ya wiki, baada ya mwezi, baada ya miezi mitatu, baada ya sita. Matangazo huziita ziara za bure. Ziara ya bure Nairobi kwa mtu wa Mutarule ni mpaka wa Kavimvira, kisha Gatumba, kisha Bujumbura, kisha safari ndefu, na mipaka yetu hufungwa siku ambayo hukuiombea.

Fikiria siku ya kumi jicho likawa jekundu na linauma. Maambukizi ya konea baada ya laser ni nadra sana, lakini yakitokea huweza kuharibu jicho kwa siku chache tu. Kituo cha afya cha kijijini kina mafuta ya tetrasaiklini, na muuguzi mwenye moyo wa kusaidia lakini asiye na darubini ya kuangalia konea. Bukavu, ambako zamani tungekimbilia, iko ng'ambo ya mstari wa vita. Bujumbura iko ng'ambo ya mpaka. Daktari wa Nairobi atapokea simu, atakuomba picha, na picha ya simu haionyeshi anachotakiwa kuona.

Kwa hiyo hesabu niliyomfanyia mpwa wangu haikuwa ya operesheni. Ni ya mwezi mzima Nairobi, si wiki moja: chumba, chakula, usafiri wa mjini, dawa, mpaka daktari aseme kwa maandishi kwamba ngozi ya konea imefunga na presha iko sawa. Ni ya safari nyingine baada ya miezi kadhaa. Ni ya akiba kwa ajili ya marekebisho, kwani wapo ambao namba huwarudia kidogo wakahitaji laser ya pili. Fedha hizo zote ziwepo mkononi kabla ya kulipia siku ya kwanza. Asiyekuwa nazo, hata kama pesa ya operesheni ipo kamili, bado hajafikia bei ya laser. Ndugu wa ng'ambo hawalioni hili kwa sababu wao baada ya laser walirudi nyumbani kwa basi la mjini.

Lipo jambo jingine ambalo halitokani na vita wala mipaka, linatokana na macho yetu wenyewe. Watoto wengi wa maeneo ya joto na vumbi hapa Afrika hupata mzio wa macho unaowasha vibaya, na huyafikicha miaka na miaka. Kufikicha huko kunahusishwa na ugonjwa unaoifanya konea kulegea na kuchongoka, unaoitwa keratokonasi. Mwenye ugonjwa huo, hata dalili zake za awali tu, hapaswi kupigwa laser, kwa sababu kuipunguza konea dhaifu ni kuiongezea kulegea. Hauonekani kwa kupimwa miwani ya kawaida. Huonekana kwa mashine inayochora ramani ya konea. Mpwa wangu alifikicha macho utoto wake wote. Mama yake alikuwa akimfunga mikono kwa kitenge usiku. Kama ramani yake ikionyesha mashaka hata kidogo, mjadala umekwisha, na Mama Mdogo atume mabati. Kliniki inayokubali kupanga tarehe ya operesheni kabla ya ramani hiyo, mtu aikimbie.

Na presha ya jicho. Hapa naomba msomaji avumilie, kwa sababu sijasikia mtu akilisema bondeni kwetu. Watu wenye asili ya Afrika hupata ugonjwa wa presha ya jicho zaidi ya wengine, na mapema zaidi. Hauumi, hula pembeni mwa uono kidogo kidogo, na kilichopotea hakirudi. Presha hiyo hupimwa kwa kifaa kinachobonyeza konea. Konea ikishapunguzwa na laser, kifaa huonyesha presha ndogo kuliko ilivyo. Maana yake, mtu aliyefanyiwa laser akiwa na miaka 26 anaweza kufika kwa muuguzi akiwa na 50, akaambiwa presha yako ni ya kawaida, huku ugonjwa unamla. Daktari anayejua historia yake atarekebisha hesabu. Asiyejua hatarekebisha. Ndivyo ilivyo pia kwa mtoto wa jicho uzeeni: lenzi ya kupandikiza hupigiwa hesabu kwa umbo la konea, na laser imebadilisha umbo hilo, hivyo bila vipimo vya zamani hesabu hukosewa kwa urahisi. Kwa mtu wa London karatasi hizo ziko kwenye faili la hospitali. Sisi tumepoteza vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa katika kukimbia. Atakayefanyiwa laser apige picha vipimo vyake vyote vya kabla na vya baada, unene wa konea, ramani, presha, namba, azitume kwa ndugu walio nchi tatu tofauti, na awaambie wazitunze maisha yao yote.

Siwezi kuacha kumtaja jirani yetu fundi cherehani, kwa kuwa alisikia habari za laser akaanza kuuza mbuzi. Ana miaka zaidi ya 40, macho yake ya mbali ni mazuri, tatizo lake ni kutunga uzi kwenye sindano. Laser ya kawaida haiondoi hilo. Kutoona karibu baada ya miaka 40 kunatokana na lenzi ya ndani ya jicho kuwa ngumu, wala si konea. Miwani ya kusomea anayouza kijana wa sokoni Luberizi, akichagua namba inayomfaa, itamrudishia kazi yake. Utafiti uliofanyika Bangladeshi na kuchapishwa mwaka 2024 uliwapa watu wa miaka 35 hadi 65, wakiwemo mafundi cherehani, miwani ya aina hiyo. Baada ya miezi minane kipato chao kilikuwa juu kwa theluthi moja kuliko cha wale ambao hawakupewa. Nilimwomba jirani huyo abaki na mbuzi wake.

Lakini miwani hiyo ya sokoni haimsaidii mpwa wangu, na hapa ndipo uchungu wangu ulipo. Miwani iliyo tayari ni ya kuona karibu. Asiyeona mbali anahitaji lenzi iliyopimwa na kusagwa kwa ajili yake, na bondeni kwetu hakuna mahali pa kuipata. Ataifuata Uvira au Bujumbura. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, na kwamba kwa angalau bilioni moja kati yao tatizo hilo lingeweza kuzuiwa au bado halijatibiwa. Rwanda, jirani yetu, ilifundisha wauguzi wa vituo vyake vya afya kupima macho na kutoa miwani, nchi nzima, katika muongo uliopita. Haikuhitaji madaktari bingwa kila kilima. Ikiwa muuguzi wa Bugarama kule Rwanda anaweza kupima macho, wa Luberizi anashindwa kwa sababu gani? Watoto wangapi kwenye darasa la mpwa wangu wanaitwa wazito wa hesabu, hali hawaoni ubao? Yeye anawajua kadhaa. Amewahamishia dawati la mbele, na huko ndiko uwezo wake unakoishia. Wazee wa ukoo walikasirikia laser. Hili la watoto ndilo ningependa likasirikiwe.

Tulichokubaliana na mpwa wangu ni hiki. Pesa za Mama Mdogo zisije zote. Zije kidogo kwanza, za miwani jozi mbili za namba sahihi, moja ya kuvaa na moja ya kukaa kwenye mfuko uleule wa vitambulisho na simu, kila moja na kamba ya shingoni. Mpaka ukiruhusu, apimwe Bujumbura sasa, na apimwe tena mwaka ujao, maana namba inayobadilika haipigwi laser. Namba zikibaki palepale, ramani ya konea ikiwa safi na presha ikiwa nzuri, atamwomba mkuu wa shule ruhusa wakati wa mvua, mwezi mzima, na atafanyiwa PRK. Mama Mdogo alisikitika kidogo kwenye simu. Alitaka kijana aone dunia bila miwani kabla ya mwaka kuisha. Nilimwambia macho ya miaka 26 yana muda wa kusubiri mwaka mmoja.

Juma lililopita mpwa wangu aliiandikia kliniki moja ya Nairobi maswali matatu: bei ni kiasi gani, kama jicho likipata shida nikiwa nimesharudi Kongo, ni daktari gani wa karibu nami mnayeshirikiana naye, na je, nitapewa karatasi zote za vipimo vyangu niondoke nazo? Swali la kwanza lilijibiwa ndani ya saa moja, pamoja na picha ya mashine. Mawili yaliyobaki anayasubiri, na mpaka yajibiwe pesa zitabaki Marekani.